Mchungaji Asiyeuacha Mji: Habari za Monsinyori Christophe Munzihirwa

Kila mwaka mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, sisi makatekista wa Shabunda huzunguka nyumba kwa nyumba kuandika majina ya marehemu, ili yasomwe katika Misa ya tarehe 2 Novemba. Ni kazi ya desturi, wala haina maneno mengi. Lakini mwaka mmoja tuliandika mwanzoni mwa karatasi yetu jina la Monsinyori Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mzee mmoja alipoliona jina hilo, akairudisha karatasi.

Akatuambia: «Mwalimu, Askofu huyo aliwatetea wakimbizi wa Rwanda. Je, si kati ya watu hao walitoka wale waliotula humu porini? Mwanangu alichukuliwa nao, hakurudi. Ninyi mwaandika jina la aliyewatetea juu ya jina la mwanangu?»

Hatukuwa na jibu la upesi. Mzee mwenye uchungu hajibiwi kwa maneno ya katekisimu peke yake. Tulirudi nyumbani, tukawauliza watu waliomjua Askofu, tukasoma tulivyoweza. Haya tunayoyaandika leo ndiyo matunda ya kutafuta huko. Yafaa Wakristu wenzetu wayajue, kwa maana swali la mzee yule si lake peke yake. Wengi wanalo moyoni, ila hawalisemi.

Wazee wetu Warega walikuwa na kamba waliyoiita mutanga, iliyotundikwa barazani kwa wanaume. Juu yake walifunga vitu vidogo vidogo, kama gamba la konokono, unyoya au kipande cha mti, na kila kitu kilikuwa na methali yake. Penye shauri, mzee alikigusa kitu kimoja, na watu wakakumbuka neno lake. Basi, nasi tutayafuata maisha ya Monsinyori kwa vitu vitatu: nguo ya askari, kalamu, na msalaba.

NGUO YA ASKARI

Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo alizaliwa mwaka 1926 huko Burhale, upande wa Walungu, katika nchi ya Washi. Siku zile Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na mapadri wengi wa huku walikuwa wageni. Kijana huyo akaitika mwito wa Mungu, akasoma katika seminari, na mwezi wa Agosti 1958 akapewa Daraja Takatifu ya Upadri. Mwaka uliofuata Bukavu ikafanywa Jimbo Kuu, na mwaka 1960 nchi yetu ikapata uhuru.

Padri Munzihirwa angeweza kukaa katika parokia yake kwa heshima hata uzeeni. Lakini mwaka 1963, akiwa na miaka 37 na padri tayari, alianza tena kama mwanafunzi: aliingia unovisi katika Shirika la Yezu, yaani Wayezuiti. Hili si jambo dogo. Mtu mzima aliyekwisha kuongoza wengine alikubali kuamriwa kama kijana. Baadaye wakubwa wake wakampeleka Louvain, Ubelgiji, kusoma mambo ya uchumi na maisha ya jamii.

Aliporudi nchini, Kinshasa ilikuwa na machafuko. Tarehe 4 Juni 1969 askari walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliokuwa wakiandamana. Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, wanafunzi walitaka kuwakumbuka wenzao waliokufa. Rais Mobutu akakasirika, akaamuru wanafunzi wa Lovanium waingizwe jeshini kwa nguvu. Kati yao walikuwamo vijana wa Kiyezuiti waliokuwa chini ya ulinzi wa Padri Munzihirwa.

Yeye hakuwa mwanafunzi, na hakuna aliyemwita. Tena alikuwa na miaka 45, umri ambao mtu hapendi tena kukimbizwa uwanjani asubuhi. Walakini aliomba mwenyewe aandikwe pamoja na vijana wake, akavaa nguo ya askari.

Tukikigusa kitu hiki cha kwanza, twakumbuka neno hili: mchungaji huenda mahali kondoo walikopelekwa, hata kama mahali hapo ni pabaya. Tusilisahau, maana tutalihitaji tukifika mwaka 1996.

KALAMU

Toka mwaka 1980 hata 1986 Padri Munzihirwa alikuwa Mkubwa wa Wayezuiti wa Afrika ya Kati. Ndipo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II akamteua kuwa Askofu mwandamizi wa Kasongo, huko Maniema, jirani zetu. Mwaka 1990 akawa Askofu kamili wa jimbo hilo. Mwaka 1993 alipewa kulilinda Jimbo Kuu la Bukavu lililokuwa halina mchungaji, na mwaka 1994 akafanywa Askofu Mkuu wake.

Waliomjua wasema alikuwa mtu wa maisha ya kawaida, asiyependa makuu, hata watu wakamwita tu «Mzee». Ila jambo moja lilimpa adui: alikuwa akisema. Askari wa serkali walipowanyang'anya raia mali, alisema. Wakubwa walipokula mali ya nchi, alisema. Tena hakusema gizani. Aliandika barua, akatia sahihi yake.

Ukafika mwezi wa Julai 1994. Katika Rwanda, toka Aprili, yalikuwa yametendeka mauaji ya kimbari ya Watutsi, na Wahutu waliokataa kuua waliuawa pamoja nao. Serkali iliyoyaongoza mauaji hayo iliposhindwa vitani, watu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka wakaingia nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Huku Bukavu walivuka mto Ruzizi kwa makundi makubwa. Walikuwamo askari walioshindwa na wauaji wenye damu mikononi. Walikuwamo pia akina mama, watoto, wazee, na wakulima waliokimbia kwa sababu jirani zao wote walikimbia. Wote waliketi pamoja chini ya mahema yaleyale.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi ngumu. Wengine waliwatazama wakimbizi, wakaona maskini tu, wakafumba macho mbele ya wauaji. Wengine wakaona wauaji tu, wakafumba macho mbele ya watoto. Monsinyori hakutaka kufumba jicho lolote. Alitaka wenye hatia wahukumiwe kwa sheria, na wasio na hatia warudishwe kwao kwa amani, pasipo kulazimishwa kwa risasi. Aliwaandikia mabalozi na wakubwa wa mataifa. Alilaumu biashara ya silaha zilizokuwa zikimiminwa katika nchi za Maziwa Makuu, kwa maana aliona wazi kwamba vita vinakuja. Alikuwa akisema kwamba yako mambo ambayo huonwa vema na macho yaliyokwisha kulia tu.

Wakubwa hawakumsikia. Katika makambi, wenye silaha hawakutengwa na wasio na silaha. Miaka miwili ikapita hivyo. Huku na huku mpakani watu waliuana usiku, na chuki ikakua. Upande wa Rwanda walimshitaki Askofu kwamba awapenda Wahutu. Wenye mamlaka wa Kinshasa nao hawakupendezwa naye, kwa kuwa aliwakaripia pia. Mtu asemaye kweli pande zote mbili hana ukuta wa kuegemea.

Neno la kitu cha pili ni hili: kalamu ya Askofu iliandika kabla ya msiba, si baada yake. Sisi twajua kulia baada ya mazishi. Yeye alilia mapema, ili mazishi yasiwepo.

MSALABA

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilianza. Jeshi la Rwanda, pamoja na waasi wa AFDL waliokuwa na Laurent-Désiré Kabila, waliyashambulia makambi ya wakimbizi, kwanza upande wa Uvira, halafu wakapanda kuelekea Bukavu. Askari wa Zaire walipora maduka na nyumba, wakakimbia. Wakubwa wa serkali nao wakatoroka. Mtu mwenye gari alipanda gari, asiye nalo akafunga godoro kichwani.

Askofu Mkuu hakuondoka. Alikuwa na miaka 70, na nafasi ya kuondoka ilikuwapo. Tarehe 28 Oktoba aliwapelekea watu wa mji neno lake la mwisho, akiwaomba wasimame imara katika mapendo. Hakuwaahidi kwamba watapona. Aliwaomba tu wasiwe watu wa chuki katika saa ile.

Jioni ya tarehe 29 Oktoba alikuwa njiani kwenda kwenye Koleji Alfajiri, ya Wayezuiti wenzake. Penye njia panda ya Nyawera gari lake likasimamishwa na askari wa lile jeshi lililouingia mji. Monsinyori alishuka, msalaba wake mkononi. Dereva wake na askari aliyekuwa pamoja naye waliuawa. Naye akawekwa kando, akapigwa risasi.

Mwili wake ulibaki barabarani usiku ule na siku iliyofuata, maana mtu akisogea aliogopa kufa. Jioni ya pili waseminari wa Kizaveri walipata ruhusa, wakauchukua. Akazikwa penye Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Amani, kwa haraka, na watu wachache. Askofu aliyewafungulia mlango watu wasio na kwao, alikosa hata mkeka wa kulazwa katika mji wake mwenyewe.

Wasomaji, tusidhani kwamba damu ilimwagwa na upande mmoja tu. Siku mbili baadaye, tarehe 31 Oktoba, Mabruda wanne Wamarista, Wahispania, waliuawa huko Nyamirangwe, katika kambi ya wakimbizi waliokuwa wakiwahudumia. Nao pia waliweza kuondoka, wakakataa. Yasadikiwa kwamba waliowaua walikuwa watu wenye silaha wa kambi ileile. Basi tuone vizuri: Askofu aliuawa na wale waliowafukuza wakimbizi, na Mabruda wakauawa na wale waliojificha kati ya wakimbizi. Wote watano kosa lao lilikuwa moja: walikaa na wanyonge.

Neno la msalaba latosha lenyewe. Hatutaliongezea kitu.

NJIA YA KIGULUBE

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana hatujamjibu.

Baada ya Bukavu kuanguka, wakimbizi waliingia msituni. Walipita milima, wakaifuata njia ndefu inayokuja kwetu, kwa miguu, katika matope na mvua. Sisi tunaoandika tulikuwa bado wadogo, lakini wazazi wetu waliwaona. Waliwaona akina mama waliovimba miguu, na watoto waliokula majani. Mwanzo wa mwaka 1997, katika njia ya Kigulube na Shabunda, na karibu na daraja la mto Ulindi, waliuawa kwa wingi na askari waliowafuata. Waganga wa shirika la Médecins Sans Frontières walieleza mwaka uleule jambo la kuhuzunisha sana: wao waliingia porini kuwatafuta wagonjwa, na askari wakafuata nyuma yao ili kuwaua waliotoka mafichoni kupata dawa. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitangaza ripoti kubwa ya uhalifu uliotendwa nchini mwetu toka 1993 hata 2003, na njia yetu hiyo imetajwa humo.

Ni nani waliokufa hasa penye njia hiyo? Yakini, mwenye bunduki na miguu yenye nguvu alitangulia au alijificha. Waliobaki nyuma walikuwa wagonjwa, wazee, na mama mwenye mtoto mgongoni. Hao ndio Monsinyori aliowatetea. Na wale waliojificha na bunduki zao, hao ndio aliotaka wahukumiwe. Wakubwa wa ulimwengu wangalimsikia mwaka 1994 au 1995, wakawatenga hawa na wale, je, wangalibaki watu wa kuja baadaye kuitwa FDLR, na kuwachukua vijana wetu porini? Hatuwezi kuapa. Lakini twaweza kusema hivi bila woga: msiba wa mzee wetu haukutoka katika barua za Askofu. Ulitoka katika kutosikilizwa kwake.

Tena liko jambo la kutugusa sisi wenyewe. Mwaka 2005, watu wa Shabunda walipochoka kuuawa na FDLR, wakaanza kundi la Raia Mutomboki. Wengi waliwasifu hapo mwanzo, kwa kuwa waliwalinda. Baadaye makundi ya jina hilo yakawa mengi, na mengine yakaanza kutoza kodi, kupora na kuua watu wasio na hatia. Je, tungependa kila Mrega ahesabiwe muuaji kwa sababu hiyo? Kijana wetu akifika mjini kutafuta shule, aulizwe kwanza, «Wewe si Mutomboki?» Tungesema: huo ni uonevu, mtu ahukumiwe kwa tendo lake, si kwa kabila lake. Basi, hilo ndilo neno alilolisema Monsinyori juu ya watu wengine, siku ambazo sisi hatukuona haja ya kulisikia.

Na yale mauaji ya mwaka 1994 yenyewe yalianzaje? Yalianza mtu alipofundishwa kwamba kabila lote la jirani yake ni adui, hata mtoto anyonyaye. Tukisema «wakimbizi wote ni wauaji», twaimba wimbo uleule, tumebadili jina tu.

WALIOFUATA

Kiti cha Bukavu kilikaliwa mwaka 1997 na Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wa Butembo-Beni kwa miaka thelathini. Naye alisema. Baada ya barua yake ya Noeli ya mwaka 1999, watawala waasi wa wakati ule walimzuia asirudi Bukavu. Toka Februari 2000 alikaa Butembo kama mfungwa kwa muda wa miezi saba. Alirudi Septemba, watu wakampokea kwa furaha kubwa, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki huko Roma. Maaskofu Wakuu wawili katika miaka minne! Februari 2025 mji ule ukaingia tena mikononi mwa waasi, wa M23 safari hii, na watu wakafunga tena magodoro kichwani. Basi habari tunazoziandika si za kale tu.

Kanisa limeanza kuyachunguza maisha ya Monsinyori Munzihirwa, ili siku moja, Mungu akipenda, atangazwe Mwenye Heri. Tayari nchi yetu imewaona wengine: Anuarite mwaka 1985, mashahidi wanne wa Baraka na Fizi, waliotangazwa huko Uvira mwezi wa Agosti 2024, na Floribert Bwana Chui wa Goma mwezi wa Juni 2025. Uamuzi ni wa Kanisa, nasi hatutangulii mbele yake. Lakini kusali na kukumbuka hakuhitaji ruhusa.

Tuliporudi kwa mzee, tulimweleza haya yote, polepole, tukiwa tumeketi naye barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema: «Hasira yangu haijaisha, Mwalimu. Nisiwadanganye. Lakini mtu aliyebaki mjini wakati wenye bunduki walikimbia, huyo nisimkatae. Andika jina la mwanangu kwanza, lake lifuate chini.»

Tukafanya hivyo. Nasi twadhani Monsinyori mwenyewe asingependa kuandikwa namna nyingine.

Basi, ndugu wapenzi, tarehe 29 Oktoba ikifika tena, tusali kwa ajili yake na kwa ajili ya dereva wake na askari yule waliokufa pamoja naye, ambao mara nyingi twawasahau. Tuwakumbuke waliolala kando ya njia ya Kigulube, ambao majina yao hayamo katika karatasi yoyote. Na wenye hasira kati yetu wasione haya kuileta hasira yao kanisani. Mungu aipokee, aigeuze kidogo kidogo, kwa wakati wake.